Baridi ya chini ya Bahari ya Hindi imetoka wapi, na inafikaje kwetu?

*"Nafundisha jiografia kidato cha tano hapa Moshi. Nilipofika kwenye mikondo ya bahari niliwaambia wanafunzi kwamba chini kabisa, nje ya Pemba na Mafia, maji yana nyuzijoto 1 au 2 tu, na kwamba yametoka Antaktika. Wakanibana. Mmoja akasema kina kirefu lazima kiwe na baridi kwa sababu jua halifiki, kwa hiyo Antaktika ya nini? Mwingine akasema fizikia imewafundisha kuwa maji huwa mazito kupita yote yakiwa na nyuzi 4. Sasa ya nyuzi 1 yanakaaje chini ya hayo? Wa tatu akaleta video kwenye simu inayodai mkondo huu unakaribia kusimama, na kwamba ndio uliovuruga mvua za Kilimanjaro. Hilo la mwisho limenigusa na mimi, maana mzee wangu ana kihamba cha kahawa Uru na ananiuliza kama ang'oe mibuni. Kitabuni tuna mchoro mmoja tu, utepe mwekundu na wa buluu unaozunguka dunia. Naomba unieleze maji hayo yanatokaje bonde moja la bahari kwenda jingine, kwa namna nitakayoweza kuisimamia mbele ya darasa."*

Mwalimu, wanafunzi wako wamekubana mahali penyewe. Ukisema "yametoka Antaktika" ukaishia hapo, unakuwa umewapa jina la mahali bila kuwaambia kilichoyazamisha maji, njia yaliyopita, wala kinachoyapandisha tena. Nitalifuata swali kwa mpangilio wao, maana ni mpangilio mzuri.

Yule wa kwanza ana hoja inayofanana sana na kweli, na jibu lake liko nchini kwetu. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470. Chini kabisa ni giza totoro, jua halijawahi kufika, lakini maji ya huko yana nyuzijoto 23 na ushee. Karibu nanyi kuna Ziwa Chala, lenye kina cha mita 90 hivi. Chini yake ni nyuzi 22 hivi. Sasa nendeni baharini, mashariki ya Mafia, mshushe kipimajoto hadi mita hizohizo 1,470: mtakuta nyuzi 5 hivi. Mkiendelea hadi mita 4,000 mtakuta kati ya 1 na 2. Pale mita 1,470 kina ni kilekile, latitudo ileile, giza lilelile, na tofauti na Tanganyika ni nyuzi karibu 18.

Kwa hiyo giza halipozi maji. Kazi yake ni kuyazuia yasipashwe joto, basi. Maji ya chini hubaki na joto yaliyokuwa nalo mara ya mwisho yalipogusa hewa. Maji ya Tanganyika yaliyo chini yaliwahi kupozwa juu na upepo wa kusi, na kusi yetu hata ikivuma kwa nguvu haiwezi kulishusha ziwa zaidi ya hapo. Na kati ya Tanga na Mtwara hakuna mahali wala msimu ambapo hewa inaweza kupoza bahari hadi nyuzi 1. Maji hayo yalipozwa kwingine, yakaletwa. Hoja hii ni ya zamani. Mwaka 1751 Henry Ellis, nahodha wa meli ya watumwa, alishusha ndoo yenye vifuniko katika Atlantiki ya tropiki, kwenye kina cha zaidi ya mita 1,600, akashangaa kuona maji yanayopanda ni ya baridi wakati juu bahari ina joto kali. Mwishoni mwa karne hiyo Benjamin Thompson, anayejulikana pia kama Count Rumford, akatoa hitimisho ambalo wanafunzi wako wanaweza kulifikia wenyewe wakilinganisha Tanganyika na bahari: baridi hiyo haina pengine pa kutoka ila kwenye ncha za dunia.

(Rekebisha jambo moja dogo unapofundisha. Mkondo wa Pemba, ule kati ya kisiwa na bara, una kina cha mita 800 hivi tu, kwa hiyo maji ya chini ya Antaktika hayaingii humo. Waelekeze mashariki ya visiwa, sakafu inakoshuka kupita mita 3,000.)

Sasa yule wa nyuzi 4. Alichofundishwa ni kweli kwa maji baridi ya mtoni na ya bombani. Kwa maji ya bahari si kweli, na vitabu vingi havisemi hivyo waziwazi. Chumvi inapoongezeka, ile nyuzijoto ambayo maji huwa mazito kupita yote inashuka, na nyuzijoto ya kuganda inashuka pia, ila polepole zaidi. Yakifika gramu 25 hivi za chumvi kwa kila kilo, hizo mbili zinakutana. Bahari ya kawaida ina gramu 35. Kwa hiyo maji ya bahari yanazidi kuwa mazito kadiri yanavyopoa, bila kugeuka, hadi yanapoanza kuganda kwenye nyuzi 1.9 chini ya sifuri. Lita moja ya maji ya bahari yenye nyuzi 25 ina gramu 1,023 hivi. Ikipozwa hadi karibu na kuganda inafika gramu 1,028. Gramu tano kwa lita! Mtu akiyashika mkononi hawezi kuhisi tofauti, lakini ndiyo inayopanga tabaka za bahari zote za dunia.

Lakini baridi peke yake haitoshi kuyafikisha maji sakafuni. Inahitajika chumvi ya ziada, na hapa kuna mfano ambao kila mwanafunzi ameshautia mdomoni. Wakumbushe barafu za juisi zinazouzwa kwenye vifuko vya nailoni. Ukiifyonza, rangi na utamu vinatoka kwanza, na mkononi unabaki na barafu nyeupe isiyo na ladha. Sababu ni kwamba maji yanapoganda yanajijenga kuwa fuwele, na fuwele ya barafu haina nafasi ya sukari. Sukari inasukumwa nje, inabaki kama sharubati nzito katikati ya vijinjia vya barafu, na wewe unaifyonza. Bahari nayo inapoganda inafanya vivyo hivyo kwa chumvi. Barafu changa ya bahari inabaki na chini ya nusu ya chumvi ya maji yaliyoizaa. Iliyosalia inachuruzika chini kama majichumvi makali, na kuyafanya maji ya chini ya barafu kuwa mazito kuliko yalivyokuwa.

Barafu hiyo ingetanda ikatulia, kazi ingekwisha mapema, kwa sababu barafu ni blanketi: ikishakuwa nene bahari haipotezi joto tena. Kinachoifanya pwani ya Antaktika kuwa kiwanda ni upepo. Mnaoishi chini ya Kilimanjaro mnajua hewa ya baridi inavyoteremka mabondeni usiku. Antaktika ni hivyo hivyo, ila mlima ni bara zima la barafu na hewa inayoteremka iko makumi ya nyuzi chini ya sifuri, wakati mwingine kwa kasi ya zaidi ya kilomita 100 kwa saa. Ikifika pwani inaisukuma barafu changa mbali na nchi kavu. Bahari inabaki wazi katikati ya majira ya baridi, inafuka mvuke kama sufuria, inaganda upya, inasukumwa tena. Kila mzunguko unaacha chumvi nyuma. Viwanda vikubwa vya namna hii vinajulikana: Bahari ya Weddell, Bahari ya Ross, pwani ya Adélie, na Cape Darnley. Maji mazito yanajikusanya kwenye uwanda wa pwani wenye kina cha mita mia kadhaa, kisha yanafurika ukingoni na kuteremka mteremko wa bara hadi mita 4,000 na zaidi. Yanapoteremka yanavuta maji ya jirani na kuchanganyika nayo, kwa hiyo yanaongezeka wingi huku yakipunguza ukali. Yanayofika chini huitwa maji ya sakafu ya Antaktika, nayo yamejaza takribani theluthi moja ya bahari yote duniani.

Kiwanda cha pili kiko kaskazini ya Atlantiki, kwenye Bahari ya Labrador na bahari zilizo kati ya Greenland na Norway. Huko maji yanafika yakiwa na chumvi nyingi kutoka tropiki, yanapozwa na pepo za Aktiki na kuzama. Sehemu yake inafurika kwenye kizingiti kati ya Greenland na Iceland na kuporomoka zaidi ya mita 3,000 chini ya bahari, mita za ujazo milioni 3 hivi kila sekunde. Ukijumlisha mito yote ya dunia, Amazon na Kongo na Nile ndani yake, hupati hata nusu ya hapo.

Pasifiki ya kaskazini ina baridi ya kutosha lakini chumvi yake juu ni ndogo, kwa hiyo maji hayazami hadi chini. Bahari ya Shamu ni kinyume chake: ina chumvi kali, gramu 40 hivi, ila maji yanayotoka pale Bab el-Mandeb yana joto la nyuzi 20 na zaidi. Yanazama kweli yakiingia kwetu, lakini yanaishia mita 500 hadi 1,000 na kusambaa hapo. Mfano huu ni mzuri sana darasani, kwa sababu unaonyesha kwamba baridi na chumvi lazima vikutane mahali pamoja. Na kwa kuwa Bahari ya Hindi imezibwa na Asia upande wa kaskazini, haina ncha yake yenyewe. Baridi yote ya chini inaagiza kutoka kusini.

Sasa njia, ambayo ndiyo hasa uliyouliza. Weka pembeni ule utepe. Wapeleke kwa fikra Chekereni, kwenye majaruba ya mpunga. Maji ya mfereji yanaingia jaruba la kwanza. Hayaendi la pili hadi yapande kufikia pale tuta lilipokatwa. Yakifika hapo yanamwagikia la pili, na la pili nalo linajaa kuanzia chini hadi mlango wake. Asiyejua mlango ulipo hawezi kukuambia maji yatatokea wapi, hata kama anajua kila kitu kuhusu mfereji. Sakafu ya bahari imegawanyika vivyo hivyo. Mabonde yana kina cha mita 4,000 hadi 6,000, matuta yaliyo kati yao ni safu za milima, na milango ni nyufa na mapengo machache katika safu hizo. Maji mazito kupita yote yanalazimika kupita mlangoni. Yaliyo juu ya vilele vya matuta ndiyo yenye uhuru.

Kwanza kuna mkondo mkubwa unaoizunguka Antaktika kuelekea mashariki bila kuzuiwa na nchi kavu yoyote. Huo ndio kipilefti cha bahari za dunia: Atlantiki, Hindi na Pasifiki zote zinafungukia hapo, kama barabara zinavyokutana kwenye kipilefti cha Mnara wa Saa mjini Moshi. Unabeba zaidi ya mita za ujazo milioni 130 kwa sekunde. Maji ya kina ya Atlantiki ya kaskazini yanafika hapo baada ya kuteremka Atlantiki yote, yanachanganyika, na kugawiwa. Maji ya sakafu ya Weddell yanapita chini yake kuelekea mashariki.

Sehemu inayotuhusu inakata kaskazini kupitia pengo kati ya visiwa vya Crozet na Kerguelen na kuingia Bonde la Crozet. Mbele yake kuna safu ya milima ya chini ya bahari inayokwenda kusini-magharibi ya Bahari ya Hindi. Maji yanaipenya kwenye nyufa zilizoikata safu hiyo, na hapo mwendo huwa mkali, sentimita 20 kwa sekunde au zaidi, kwa sababu mlango ni mwembamba. Yanaingia Bonde la Madagascar, yanapanda kaskazini mashariki ya kisiwa cha Madagascar, yanaingia Bonde la Mascarene, kisha yanapita Mlango wa Amirante karibu na Shelisheli na kumwagikia Bonde la Somalia. Pembe ya kusini-magharibi ya bonde hilo ndiyo bahari yetu, mashariki ya Mafia na Pemba.

Wanafunzi watauliza kwa nini yasipite njia fupi, kati ya Msumbiji na Madagascar. Yanaingia humo kweli, upande wa kusini, lakini sakafu inapanda yakielekea kaskazini na Tuta la Davie limekaa njiani. Maji yaliyo chini ya kizingiti hicho hayapiti. Ni jaruba lenye mlango upande mmoja tu.

Na kwa nini yanaambaa upande wa magharibi wa kila bonde badala ya kutanda sawasawa? Hiyo ni kazi ya mzunguko wa dunia. Kusini ya ikweta, kitu kinachosafiri hupindishwa kushoto. Maji yanayokwenda kaskazini, kushoto kwake ni magharibi, kwa hiyo yanaegemea ukuta wa magharibi na kuufuata kama mtu anayepapasa ukuta gizani. Mtaalamu wa bahari Henry Stommel alitabiri mikondo hii ya kando ya magharibi kwa hesabu katika miaka ya 1950, na mwaka 1957 ukapatikana ule wa Atlantiki, chini ya mkondo wa Ghuba (mkondo wa juu wa maji ya joto karibu na pwani ya mashariki ya Marekani), kwa kufuatilia maboya yaliyotengenezwa yaelee katikati ya kina.

Kuhusu mwendo, uwe na namba moja ya kuwapa. Nje ya milango, mwendo wa kawaida wa maji haya ni sentimita 1 hadi chache kwa sekunde. Kwa sentimita 1, safari ya Arusha hadi Moshi, kilomita 80 hivi, ingechukua miezi mitatu. Kutoka ukingo wa Antaktika hadi usawa wa Pemba ni kilomita 6,700 hivi ukinyoosha, yaani miaka 21. Lakini maji hayanyooki. Yanazunguka ndani ya kila bonde, yanachanganyika na ya juu yake, mengine yanarudi. Ndiyo maana umri wa maji ya kina ya Bahari ya Hindi, ukipimwa kwa kaboni ya mionzi, unahesabiwa kwa karne. Na ndiyo maana yanapata joto kidogo njiani: yaliyotoka yakiwa chini ya sifuri yanafika kwetu yakiwa kati ya nyuzi 1 na 2.

Hapa pana kosa ambalo hata walimu wazuri hulifanya: kusema kwamba maji yanayozama ndiyo yanayosukuma mzunguko wote. Rudi Chekereni. Jaruba la mwisho lisipokuwa na pa kutolea maji, yote yatajaa na mfereji utasimama. Bahari ingejaa maji ya baridi hadi karibu na juu na uzamaji ungekoma. Kinachoendesha ni kile kinachoyatoa maji chini. Kuna viwili. Pepo za magharibi za Bahari ya Kusini zinasukuma maji ya juu kuelekea kaskazini, na ya kina yanapanda kuziba nafasi. Pili, mawimbi ya kujaa na kupwa yanapokwaruza juu ya matuta ya sakafuni yanazalisha msukosuko unaochanganya joto kwenda chini, na maji mazito yanapoteza uzito wake polepole na kupanda. Makadirio ya mtaalamu wa bahari Walter Munk ya mwaka 1966, kuhusu kasi ya kupanda huko, yalikuwa sentimita 1 hivi kwa siku kwa wastani. Kwa hatua hiyo, mita 4,000 zinachukua miaka 1,100. Kwa hiyo ukimwambia mwanafunzi kwamba mwezi unasaidia kuyainua maji ya Antaktika, hujamtania.

Utepe wa kitabuni, basi, una faida moja: unaonyesha kwamba mabonde yote yameungana. Udanganyifu wake ni kuonyesha njia moja, mwendo mmoja, na mahali pamoja pa kupandia. Uachie ubaoni, ila chora juu yake milango.

Wakikuuliza tunajuaje, usiwape "wanasayansi wamegundua". Wape vipimo. Meli inashusha chupa zilizopangwa kwenye duara, kila moja ikijifunga kwenye kina chake, na maji yanapimwa joto, chumvi, oksijeni na silika (madini ya mchanga yaliyoyeyuka). Oksijeni ni shahidi mzuri, kwa kuwa huingia maji yakiwa juu tu na kupungua viumbe wanavyopumua njiani. Maji yenye oksijeni nyingi ni mageni kutoka juu. Shahidi mwingine ni gesi za friji, zile zilizoanza kutengenezwa miaka ya 1930. Hazikuwepo duniani kabla ya hapo. Zikipatikana kwenye maji ya sakafu karibu na Weddell, na zinapatikana, basi maji hayo yalikuwa juu baada ya mwaka huo. Kwenye kina cha Pasifiki ya kaskazini hakuna.

Sasa jaribio, maana darasa litaamini macho. Chukua glasi mbili za uwazi zenye maji ya kawaida ya chumbani. Moja weka chumvi gramu 35 kwa lita, yaani vijiko sita vya chai vilivyosawazishwa kwa lita moja, koroga hadi iyeyuke yote. Gandisha vipande vya barafu vyenye matone machache ya rangi ya chakula, utie kimoja kila glasi bila kukoroga. Kwenye maji matupu rangi itashuka kama uzi hadi chini. Kwenye maji ya chumvi rangi itatanda juu na barafu itachelewa kuyeyuka. Hapo utakuwa umejibu na swali ambalo hakika litakuja: je, barafu ya Kilimanjaro ikiyeyuka na kushuka kwa mto Pangani, inazama baharini? Haizami. Ni maji yasiyo na chumvi. Yakifika mdomo wa Pangani yanaelea.

La pili linaonyesha mabonde. Tafuta kontena la plastiki la uwazi lenye urefu wa sentimita 40 au zaidi. Katikati jenga tuta la udongo wa mfinyanzi lenye kimo cha sentimita 5, uliloviringisha nailoni ili lisichafue maji, na ukate mlango wa upana wa sentimita 2 uliopungua nusu ya kimo. Jaza maji ya chumvi ya gramu 35 hadi sentimita 12, uyaache nusu saa yatulie. Andaa lita mbili za maji yenye gramu 45 kwa lita, rangi nzito, yaliyokaa kwenye friji hadi yawe ya baridi sana. Yamimine taratibu kwa faneli yenye mpira unaogusa sakafu, upande mmoja. Wataona bonde la kwanza likijaa, rangi ikifika mlangoni, kisha ikimwagikia la pili kama utepe mwembamba. Likiharibika, mara nyingi ni kwa sababu mpira ulikuwa juu ya sakafu au mkono ulikuwa na haraka, maji yakachanganyika. Na waambie ukweli: tofauti ya uzito umeikuza kuliko ilivyo baharini, na kwa kuwa kontena halizunguki hawataona maji yakiegemea magharibi.

Nije kwenye video. Ina kweli iliyopotoshwa. Mzunguko wa Atlantiki unapimwa bila kukoma tangu 2004 kwenye latitudo ya nyuzi 26.5 kaskazini, na unabeba mita za ujazo milioni 17 hivi kwa sekunde. Ripoti ya jopo la kimataifa la mabadiliko ya tabianchi ya mwaka 2021 inasema uwezekano ni mkubwa sana kwamba utadhoofika karne hii. Kusimama ghafla kabla ya 2100 haikukutarajia, ingawa uhakika wake ulikuwa wa kati. Maji ya sakafu ya Antaktika nayo yamepimwa yakipata joto na kupungua. Haya si mambo madogo. Maji hayo ndiyo yanayopeleka oksijeni sakafuni na kuficha joto na kaboni mbali na hewa yetu, na modeli zinaonyesha kwamba mzunguko wa Atlantiki ukidhoofika sana ukanda wa mvua wa tropiki unaelekea kusogea kusini.

Lakini mvua za mwaka huu au mwaka jana hazikuvurugwa na maji yanayotembea sentimita moja kwa sekunde kwenye kina cha mita 4,000. Vuli yetu inafuata joto la juu la Bahari ya Hindi: upande wetu ukipata joto kuliko upande wa Indonesia, mvua huzidi, kama mwaka 1997 na 2019; ikigeuka, vuli hukauka. Hayo ni mambo ya tabaka la juu, na hubadilika kwa miezi. Hata baridi ya Juni na Julai pale Moshi na Arusha ni ya kusi na mawingu.

Kwa hiyo mzee asing'oe mibuni kwa ajili ya video. Kama anataka kujua msimu unaokuja, aulize utabiri wa msimu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa kupitia afisa ugani wa kata, unaotolewa kabla ya masika na kabla ya vuli. Kama mibuni yenyewe inadhoofika, majani yanapukutika au tunda linaoza likiwa bichi, hilo halijibiki kwa maandishi. Achukue tawi lenye dalili na udongo kidogo apeleke kituo cha utafiti wa kahawa Lyamungu, waangalie kama ni kutu ya majani, chulebuni au uchovu wa udongo, kwa sababu tiba zake hazifanani na kwa baadhi dawa bora ni kubadili aina ya mche. Na darasa lako, likitaka kushika vipimo halisi vya bahari yetu, liandikie Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyoko Unguja. Omba jedwali la joto na chumvi kwa kila kina la kituo kimoja mashariki ya Mafia, mlichore ubaoni pamoja na lile la Tanganyika.